Kelele, Aliyezipa Sayari Sauti

Ndugu, jamaa na marafiki, habari ninayoisoma hapa hamtaiamini. Ni habari ya mtoto aliyelelewa katikati ya friji mbovu, akakua, akazichukua friji zile zile akazipeleka mpaka sayari ya Zohali na kupita, na kazi yake kubwa kuliko zote akaja kuimaliza akiwa hasikii. Dada yangu, mama wa marehemu, ameniagiza mambo mawili: nisizidishe ukurasa mmoja, na nisitie chumvi. La ukurasa limeshashindikana, kama mnavyoona wenyewe hapo mkononi.

"Na ya chumvi, kaka," aliniambia, "hata ya kuonja usitie."

Tarehe zote zimehakikiwa na mume wa marehemu, ambaye ni mtu makini. Kwa hiyo penye tarehe mniamini, na pasipo tarehe mnijue.

Marehemu, ambaye nyumbani hatukumwita jina lingine ila Kelele, alizaliwa Jumatano tarehe 9 Mei 1979, katika hospitali ya wazazi iliyokuwa nyuma ya kiwanda cha nyuzi. Alikuwa mtoto pekee wa dada yangu, mshonaji, na wa shemeji yangu, karani wa stesheni ya treni. Baba yake alifariki Machi 1980, mtoto hajajua hata kutambaa vizuri, na dada akahamia kwangu. Nyumba yangu ilikuwa na vyumba viwili na karakana. Mbele alikaa dada na cherehani yake, nyuma nilikaa mimi na friji za watu, na mtoto alilazwa katikati, kwenye boksi lililokuja na friji ya milango miwili, ambalo mpaka leo nasema ni kitanda bora kuliko vitanda vyote vya seremala.

Watoto wa watu huamshwa na kelele. Huyu wetu aliamshwa na kimya. Umeme ukikatika, friji zote zikanyamaza kwa mpigo mmoja, aliruka na kulia kama aliyenyang'anywa kitu. Alipoanza kusema, neno alilolidai lilikuwa hilo hilo: "Kelele! Kelele!" Alitaka zirudi. Dada alimbeba akamvumia sikioni, mmmm, kama kompresa ya friji, mpaka umeme uwake. Jina likamganda.

Alipofika miaka saba alikuwa anaweka sikio kwenye friji kabla yangu. Siku moja mama mmoja mwenye duka la maziwa alileta friji yake, na Kelele akaikumbatia ubavuni.

"Mjomba, hii inakohoa."

"Inakohoaje?"

"Inakohoa, halafu inameza."

Mama wa maziwa akacheka. "Fundi, ndiye daktari wako huyu?"

"Daktari bingwa, mama," nikamwambia. "Mimi hapa ni nesi tu."

Nikaifungua kompresa, nikakuta vali imechoka, kama alivyosema. Kuanzia siku hiyo niliwaambia wateja kwamba nina mashine ya kupima kutoka ng'ambo. Sikusema ng'ambo ya wapi. Alikuwa anatokea ng'ambo ya pazia.

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa mtaa wa pili kutoka karakana, kuanzia Januari 1987 hadi 1993, kisha sekondari ya wasichana iliyo karibu na tangi la maji, 1994 hadi 1997. Mimi niliishia darasa la saba, na hilo la saba lenyewe nilifika kwa kusukumwa, kwa hiyo masomo yake sikuyafuatilia sana. Ila kipo kipindi kimoja ambacho ni kama nilikuwemo, maana alinisimulia mpaka nikakijua. Mwalimu wa fizikia aliwaambia kuwa sauti haipiti pasipo hewa, na huko juu kwenye nyota hakuna hewa, kwa hiyo kuko kimya tupu.

Kelele akanyoosha mkono. "Sasa mwalimu, kwenye filamu chombo kinangurumaje?"

"Huo ni uongo wa watu wa filamu," mwalimu akajibu, akaendelea na somo.

Alirudi nyumbani macho yamemtoka. Hakuvua hata viatu. "Mjomba, kumbe kuna watu kazi yao ni kudanganya masikio!"

"Na wanalipwa?" nikamuuliza. "Waulize kama wana nafasi ya mjomba."

Nilicheka mimi. Yeye hakucheka. Kilichomkaa moyoni ni kwamba huko juu kuko kimya, na mtoto huyu hakuwahi kukivumilia kimya tangu boksini. Nadhani aliamua siku ile kwamba lazima mtu akaweke sauti huko juu.

Alijiunga na chuo cha ufundi Septemba 1998, akasomea elektroniki, akahitimu Julai 2001. Januari 2002 aliajiriwa na kituo cha redio kama fundi mitambo. Hapo ndipo alipoanza kuja karakana na kinasa sauti. Alikuwa anarekodi friji ikiwaka, friji ikizima, mlango wa friji ukinyonya hewa unapofungwa, na mimi nikiziba mdomo, jambo ambalo halikuwa rahisi. Kisha anaipunguza mwendo ile sauti, mara kumi, mara ishirini, mpaka mngurumo wa friji unakuwa kama pumzi ya kitu kikubwa kuliko mlima. Juu yake anapaka kinanda cha umeme, sauti ndefu zinazopanda taratibu kama ukungu. Hakuna ngoma, hakuna mwimbaji.

"Sasa mtu anauchezaje muziki huu?" nilimuuliza.

"Hauchezwi, mjomba. Unakaa ndani yake."

Filamu yake ya kwanza ilikuwa ya wanafunzi, habari za jua, mwaka 2004. Baada ya hiyo zikaja za vimondo, za barafu, za mashimo meusi yanayomeza nyota, na za vyombo vinavyotumwa visikorudi. Kwa jumla aliweka muziki kwenye filamu ishirini na sita. Nilitaka kuandika mia. Mume wake alikuwa amesimama nyuma yangu.

Filamu ya Zohali ilipoonyeshwa, Oktoba 2010, alitukatia viti vya katikati, mama yake kulia na mimi kushoto. Taa zikazimwa, ile pete ya Zohali ikajaa ukutani, na mara nikasikia kitu ninachokijua. Nikasimama.

"Hiyo ni friji yangu! Ya milango miwili, ya yule mwenye bucha!"

Watu wakanizomea. Mlinzi akanimulika tochi usoni. Kelele alikuwa ameshateleza chini ya kiti, zimebaki nywele tu. Na dada naye, ambaye alikuwa amevumilia kimya, akainama akamuuliza mwanawe huko huko chini, "Mwanangu, wimbo unaanza saa ngapi?"

"Mama, ndio huo tangu tumeingia."

"Huo? Mimi nilidhani ni mashine ya jirani."

Mama huyu hajawahi kuupenda muziki wa mwanawe, na hajawahi kuficha. Lakini hakukosa onyesho hata moja, na gauni alilovaa Kelele kila mara alilishona yeye.

Marehemu alifunga ndoa Jumamosi tarehe 17 Desemba 2005 na mhariri wa filamu, kijana mpole aliyekuwa na chumba cha pili katika studio ya filamu alikofanyia kazi Kelele. Kijana huyu alikuwa ameikata sauti ya Kelele mahali, ili picha ienee. Kelele akamfuata mpaka mlangoni.

"Nani kanikatia pumzi yangu?"

"Dada, nimepunguza kidogo tu."

"Kidogo? Ziba pua kwa hicho kidogo, tuone."

Kijana akaziba pua. Kelele akatazama saa ya ukutani, wala hakuwa na haraka. Kijana akawa mwekundu, akawa bluu, akawa rangi ambazo hazina jina. Alipoachia alimrudishia sekunde zake zote, na hajawahi kukata tena bila kuuliza. Alipokuja kuchumbia nilimuuliza kama ana mapafu ya kutosha kwa nyumba yetu. Alijibu kuwa ameshapimwa. Mungu aliwajalia binti mmoja, aliyezaliwa tarehe 3 Agosti 2008, ambaye ana sura ya baba, masikio ya mama, na ulimi ambao watu wanadai ni wa ukoo wangu.

Sasa nafika nisipopenda.

Machi 2022 marehemu aligundulika kuwa na saratani. Wakati huo alikuwa ameshakubali kazi ya filamu moja ndefu, habari ya chombo cha uchunguzi kinachopita sayari zote, kinazima vifaa vyake kimoja baada ya kingine kuokoa nguvu, mpaka duniani hawakisikii tena. Aliniambia hii ndiyo kazi aliyokuwa anaitafuta tangu kipindi cha fizikia. Daktari akamweleza waziwazi kuwa dawa inayofaa ipo, ni kali, inaweza kumwongezea muda, na inaweza kuharibu masikio yake. Kwanza zitaondoka sauti za juu, kisha pengine na nyingine.

Tulikaa jikoni kwake, sisi wanne, mtoto akiwa shule. Chai ilipoa hakuna aliyeigusa.

"Nitaimaliza filamu kwanza," Kelele akasema. "Dawa baadaye."

"Filamu itapata mtu mwingine," mume wake akasema. "Mimi sitapata."

"Na nikibaki bila masikio utakuwa umempata nani? Mimi ni masikio tu. Vingine vyote hivi ni vya kubebea."

Mimi, ambaye mdomo huu haujawahi kufunga duka, nilikuwa natazama friji yao. Ndipo dada akavua miwani akaiweka mezani.

"Wewe," akamwambia mwanawe, "macho yangu yalikufa lini?"

"Mama, tuache hayo."

"Nakuuliza. Ni mwaka wa ngapi siwezi kutunga uzi kwenye sindano?"

"Wa tano, wa sita."

"Nimeacha kushona?"

Kelele akatikisa kichwa.

"Nani ananitungia?"

"Mimi."

"Basi na sisi tutakutungia. Kunywa dawa zao hizo. Na hiyo chai pia."

Alianza dawa tarehe 2 Mei 2022. Sauti zikaanza kumtoka kutoka juu kwenda chini, kama mtu anayeshushiwa mapazia. Ilitangulia filimbi ya birika. Wakafuata ndege wa dirishani. Kisha kengele ya mlangoni, na siku moja binti yake alimwita kutoka chumba cha pili, akamwita tena, na tena, akaja akakuta mama yake anafanya kazi kwa utulivu mkubwa, hana habari. Kuanzia siku hiyo mtoto aliacha kumwita. Alikuwa anaenda anamshika bega.

Lakini tulimtungia. Kila mmoja wetu alipewa sehemu yake. Binti alipewa sauti za juu, maana masikio ya watoto hufika mbali, naye alikuwa anachora hewani kwa kidole jinsi sauti inavyopanda na kushuka. Mume alipewa mahali ambapo picha na sauti zinakutana. Dada alipewa kazi ya kusema ukweli, akaifanya kwa moyo mmoja: "Hapa panachosha. Hapa pia. Hapa nimesinzia." Kelele alikuwa anasoma midomo yake na kucheka, na ukweli ni kwamba pale dada aliposinzia, mara nyingi palihitaji kurekebishwa. Mimi nikapewa sauti za chini, ngurumo, kwa sababu ndizo zilizokula ujana wangu.

Tatizo la kunipa mimi kazi hiyo mnalijua. Kuna siku aliniuliza mngurumo wa chombo ukoje, nikamwambia umelia kama radi kumi zimefungiwa ndani ya pipa. Akaupunguza. Akauliza tena, nikasema sasa ni radi tano. Akaupunguza tena. Kesho yake mume wake alifungua kazi akakuta chombo kinapita angani kimya kama paka. Mume alisema kosa ni langu. Mimi nasema radi tano ni radi tano.

"Mjomba," Kelele aliniambia siku hiyo, ametulia kabisa, "zamani ulikuwa unaongeza, nami napunguza mwenyewe, maana nilikuwa nasikia. Sasa sina cha kupunguzia. Ukiniambia radi, nitaweka radi."

Nilijitahidi baada ya hapo. Dada ni shahidi.

Kufikia Oktoba 2023 alikuwa hasikii chochote ambacho mtu angeweza kukiita sauti. Tarehe 11 Novemba 2023 kazi ilikamilika, na filamu ikapelekwa. Ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mwezi uliofuata. Kelele aliomba kiti cha mbele kabisa akakigeuza, akaupa mgongo ukuta wa picha, akakaa anatutazama sisi. Muda wote wa filamu alizitazama nyuso za watu, moja baada ya nyingine. Mwisho watu walikaa vitini, hakuna aliyepiga makofi wala kusimama, na mume wake akaogopa kuwa wameichukia. Kelele ndiye aliyemshika mkono. Alikuwa amewaona.

Alilazwa tena Januari. Alitutoka Jumanne tarehe 6 Februari 2024, saa tatu asubuhi, wodi ya ghorofa ya pili, kitanda cha dirishani. Mume wake alikuwa amemshika mkono mmoja na binti yake mwingine. Dada alikuwa ameinama sikioni kwake, anamvumia. Nesi mmoja alimwambia kwa upole kuwa mgonjwa hasikii, mama. Dada hakunyanyua kichwa. Aliendelea mpaka alipojua mwenyewe kuwa basi.

Marehemu ameacha mama, ambaye anawashukuru nyote na anaomba mnisamehe. Ameacha mume na binti mmoja. Ameacha mjomba. Ameacha wenzake wa studio, walio hapa wamesimama nyuma kama kawaida yao, na filamu ishirini na sita ambazo watoto wa watu watazitazama bila kujua ni friji za nani. Mungu ampokee taratibu, ampe pumziko ambalo dawa hazikumpa.

Hapo ndipo wasifu unapoishia kwa taratibu zake. Lakini dada aliposoma, jana, alisema nisiwaache watu kitandani hospitalini. "Wape na ya sebuleni," alisema, "kama ilivyokuwa." Basi ni hii.

Ile filamu ilibaki na kipande kimoja cha mwisho. Chombo kinakwenda zake, duniani hawakisikii tena, na muziki unabaki na mngurumo mmoja tu wa chini, unapungua, unapungua, mpaka hakuna kitu. Kelele alitaka upotee kwa namna ambayo mtazamaji asijue umeisha wapi. Ukikatika mapema, watu watashtuka. Ukichelewa, watachoka kusubiri. Mngurumo ni wa chini, kwa hiyo ni kazi yangu. Ilikuwa mchana wa tarehe 10 Novemba, sebuleni kwao. Nilifunga madirisha. Nilizima friji ya jikoni kwa mkono wangu mwenyewe. Kelele alikaa sakafuni karibu na spika, blanketi begani, amekonda mpaka blanketi lilikuwa linamvaa yeye. Mume alikaa kwenye kompyuta, dada na mtoto kwenye kochi.

"Mjomba, nitakutazama wewe," Kelele akasema. "Ukiacha kusikia, inua mkono. Mkono tu. Usiongeze neno."

"Nimewahi kuongeza neno mimi?"

Hata mtoto alicheka.

Mume akabonyeza. Mngurumo ukaanza, nami nikaujua hapo hapo, ni ile kompresa kubwa ya karakana, ya enzi zake za boksi. Ukashuka. Ukawa mwembamba. Nikainamisha kichwa kuufuata, ukaingia nyuma ya mlio wa saa ya ukutani, ukatoka, ukaingia tena, haukutoka. Kelele alikuwa ananitazama usoni, hapepesi.

Mkono ulikuwa hapa, juu ya goti. Haukuinuka.

"Bado?" akauliza.

"Bado," nikasema.

Akasubiri. Dada alinigeukia. Mume aliacha kutazama kompyuta akanitazama mimi.

"Mjomba, bado?"

"Bado kabisa," nikamwambia, "tena ndio kwanza unakolea, umeshika ukuta, umetoka na mlangoni, nasikia mpaka vioo vya majirani vinate—"

"Mjomba," akanikatiza, na kiganja chake kilikuwa juu ya spika, kimelala pale tangu mwanzo. "Umeshaisha."